TAPI ZA CHÉTICAMP: KAZI YA MIKONO NA BEI YAKE



Saa ya kazi za mikono tunasikia mara nyingi ulizo hili: "Hii itatusaidia nini? Si mashini zinafanya yote?" Leo tunataka kulijibu kwa mfano wa mbali, ule wa tapi za Chéticamp, kule Kanada. Tutaeleza namna tapi hizo zinavyofanywa. Kisha tutaeleza jambo lililokuwa gumu zaidi kuliko kuzifanya, ndilo kupata bei inayofaa.

1. Mahali na watu

Chéticamp ni kijiji cha wavuvi, pembeni ya bahari, katika kisiwa cha Cape Breton. Kisiwa hicho ni sehemu ya jimbo la Nova Scotia, upande wa mashariki wa Kanada. Wenyeji wake ni Waakadia, wazao wa Wafaransa waliovuka bahari katika karne ya 17. Kuanzia mwaka wa 1755 Waingereza waliwafukuza katika mashamba yao na kuwatawanya huku na huku. Wengine walirudi, na mwisho wa karne ya 18 wakajenga Chéticamp. Mpaka leo watu wa kijiji hicho wanasema Kifaransa, ingawa karibu jimbo lote linasema Kiingereza.

Wanaume walivua morue, ile samaki ambayo ikitiwa chumvi na kukaushwa sisi tunaiita makayabu. Kampuni ya Robin, iliyotoka kisiwa cha Jersey, ilinunua samaki na tena iliuza vyakula na vyombo. Mvuvi hakupewa feza mkononi. Alipewa vitu vya magazini. Mwaka ukiisha, deni linabaki. Hivi mtu alitumika sana lakini hakuwa na kitu.

Wakati wa baridi barafu inafunga bahari, mitumbwi inalala. Ndipo wamama walipokaa ndani ya nyumba na kufanya tapi.

2. Tapi inafanywa namna gani?

Kwanza iko gunia. Tangu katikati ya karne ya 19 magunia ya juti yalienea sana Amerika ya Kaskazini. Gunia likiisha kazi yake, mama alilifumua, akalifua, akalinyosha. Matundu yake madogo yanafaa kabisa, maana uzi unaweza kupita.

Pili iko kadre ya mbao. Gunia linafungwa juu yake kwa nguvu, mpaka linakazana kama ngozi ya ngoma. Likilegea, kazi itaharibika. Halafu mama anachora mfano juu ya gunia: maua, majani, mashua, nyumba.

Tatu iko uzi. Zamani walikata nguo zilizozeeka kuwa vipande vyembamba kama kamba. Baadaye kule Chéticamp walishika uzi wa manyoya ya kondoo, nao wakautia rangi wenyewe ndani ya sufuria.

Nne iko ndoano, chuma kifupi chenye mshiko wa mti, karibu sawa na ya kroshe. Mkono mmoja unashika uzi chini ya gunia. Mkono mwingine unapitisha ndoano kutoka juu, unakamata uzi, unauvuta kupitia tundu. Hapo kinatokea kitanzi kidogo juu ya gunia. Tundu linalofuata, kitanzi kingine. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi vinasimama kwa sababu vinasukumana na gunia linavibana. Basi ukivuta hiki sana na kile kidogo, tapi itakuwa na milima na mabonde.

Mwishoni pembe zinakunjwa na kushonwa, na tapi inapigwa pasi juu ya kitambaa chenye maji. Tapi moja kubwa inaweza kula baridi yote.

Wenyeji wanaiita tapis hooké. Mwalimu wa Kifaransa asikasirike: neno hilo wamelitwaa kwa majirani wao Waingereza.

3. Faida ilikwenda wapi?

Kwanza tapi zilikuwa za nyumba tu, juu ya sakafu yenye baridi. Kisha wachuuzi wakaanza kupita kijijini. Walichukua tapi na kuacha kitambaa au kitu kingine cha nyumba. Mama aliyekaa peke yake jikoni hakujua tapi yake ingeuzwa kwa bei gani mjini. Angebishana namna gani?

Katika miaka ya 1920 alifika Lillian Burke, msanii Mwamerika. Alikuwa rafiki wa jamaa ya Alexander Graham Bell, mtu wa telefone, waliokuwa na nyumba kule Baddeck katika kisiwa kile kile. Lazima tuseme ukweli wote juu ya mama huyu. Alileta mifano mizuri, alifundisha rangi za upole pahali pa rangi za kelele, na alifungua soko la New York. Bila yeye jina la Chéticamp halingefika mbali. Lakini mifano ilikuwa mkononi mwake, na soko pia. Katika miaka ya 1930 wamama wengine walianza kuhesabu tofauti ya malipo ya kijijini na bei ya mjini. Wakaachana naye, wakatafuta wanunuzi wao wenyewe.

Wakati huo huo, katika mji wa Antigonish wa jimbo lile, mapadri Jimmy Tompkins na Moses Coady walikuwa wakifundisha wavuvi na wakulima kujifunza pamoja na kuunda kooperative. Baadaye, mwaka wa 1959, ilianzishwa pale shule yenye jina la Coady, na watu kutoka Afrika pia wamesoma humo.

Mwaka wa 1963 wamama wa Chéticamp waliunda kooperative yao ya kazi za mikono. Tangu hapo walikuwa na mlango wao wa kuuzia.

4. Chama cha kuuza, chama cha kufundishana

Wengine wanachanganya mambo haya mawili. Kooperative inauza na kugawa mapato. Chama cha mafundi kinalinda ufundi wenyewe: kinakusanya watu, wanaonyeshana kazi, wanasahihishana, wanafundisha wapya. Katika Nova Scotia chama cha namna hii cha wafanya tapi kilianza mwaka wa 1979. Pasipo kooperative fundi anaibiwa bei. Pasipo chama cha mafundi, siku wazee wanakufa, kazi inakufa nao.

5. Elizabeth LeFort

Mama huyu wa Chéticamp (1914–2005) alifanya kwa ndoano ile ile sura za watu. Sura ya Rais Eisenhower aliyoifanya ilipelekwa Washington, katika Ikulu ya Marekani, mwaka wa 1957. Mwaka wa 1975 Chuo Kikuu cha Moncton kilimpa heshima ya daktari. Kazi zake nyingi zinaonekana katika nyumba ya makumbusho ya Chéticamp. Ndoano na uzi ni vile vile vya wamama wote. Macho na uvumilivu ndivyo vilivyoongezeka.

6. Na sisi je?

Hatusemi kila mmoja aanze kufanya tapi. Kwetu sakafu haina baridi ya namna ile. Lakini tunafuma vikapu, tunashona, tunafanya viti. Basi tujiulize: tunajua kuhesabu? Mwanafunzi anauza kikapu na kusema, "Nimepata faida, miti nilikata bure." Na siku mbili za kazi, ni bure pia? Andika katika kayee vitu ulivyonunua, saa ulizotumika, na bei ya soko. Kisha uliza wenzako wanauza namna gani. Wawili wanaoambiana bei hawadanganywi upesi.

Wamama wa Chéticamp walijua ufundi tangu zamani, na bado walibaki maskini. Mambo yalianza kugeuka siku walipohesabu, na tena walipohesabu pamoja.