Usiguse Mashini ya Duka Kabla Uchanuke: Vile Programu ya Zamani Huhamishwa Hadi Windows 11

Wasee wenye biashara, hii ni yenu. Kuna ile kompyuta iko kwa kaunta ya duka la mabati, kwa kemisti ama kwa ofisi ya sacco. Imejaa vumbi, feni inanguruma kama matatu ikipanda Limuru, lakini ndiyo inajua nani ana deni na stoki imebaki ngapi. Ndani yake kuna programu iliyoandikwa na jamaa ambaye siku hizi ako Qatar na simu hashiki. Sasa kijana wako amekuambia Windows 10 imefika mwisho, nunua laptopu mpya.

Kijana hajadanganya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 ilizikwa kitambo, 14 Januari 2020. Mashini haizimi, ni vile shimo likipatikana kwa mfumo hakuna mtu wa kuliziba. Kama unaona hizo ni stori za jaba, kumbuka kirusi cha WannaCry, Mei 2017. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi, lakini mashini zenye hazikuwa zimewekewa zilifungwa faili zote na wenyewe wakaitishwa pesa. Hadi hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mwenye Windows 10 ya nyumbani anaweza kujiandikisha apate viraka hadi 13 Oktoba 2026, lakini huko ni kununua muda tu.

Sasa hapa ndipo watu huchomeka. Fundi anakuja na flashi, anakopi folda ya programu kutoka Program Files, anaibandika kwa laptopu mpya, anafuta mashini ya zamani "ndio uiuze haraka", anapokea thao mbili zake na kuhepa. Jioni unafungua programu, inakataa. Ama mbaya zaidi, inafunguka vizuri lakini rekodi ni za miaka kumi iliyopita, kama mtu amelala akaamka 2015.

Programu haikai mahali pamoja. Ikiwekwa, inaacha vipande vyake ndani ya Windows yenyewe na kuandika mipangilio yake kwa daftari la siri la mfumo. Kukopi folda ni kama kuhama na kitanda ukaacha godoro. Lakini programu unaweza kutafuta tena. Zile rekodi ndizo hakuna duka linaziuza.

Na rekodi zinajificha. Kuanzia Windows Vista, programu nyingi za zamani zikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa kubwa, Windows haizikatazi. Inaziachilia ziamini zimeandika, halafu kimyakimya inapeleka faili kwa folda inaitwa VirtualStore, ndani ya AppData, chini ya jina la mtumiaji. AppData nayo imefichwa, huioni hadi uwashe kuonyesha vitu vilivyofichwa. Kwa hivyo ile faili iko Program Files inaweza kuwa nakala ya siku programu iliwekwa, na mauzo yako ya miaka yote yako kwingine kabisa. Kuna kizaazaa kingine: ukifungua programu kwa "Run as administrator", huo ujanja unazimwa na programu inasoma ile faili ya zamani. Watu wameona stoki tupu wakadhani wameibiwa, kumbe rekodi ziko tu pale kando.

Utazipata vipi? Ingiza mauzo ya uongo, shilingi moja hivi, kisha funga programu. Tafuta kwa diski nzima faili zilizobadilika dakika hiyo. Mara nyingi itakuwa .mdb ama .dbf. Ukiipata, kopi folda yote iliyo nayo mahali pawili tofauti, halafu ndio ufute hiyo shilingi. Usichukulie hii kama mchezo, sababu hata sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inataka biashara iweke rekodi miaka 5. Ukiambia KRA fundi alizifuta, hutasaidika.

Rekodi zikiwa salama, sasa ongea na programu. Swali la kwanza ni biti. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Inakubali programu za biti 32 bila noma, lakini za biti 16, zile za enzi za DOS na Windows 3.1, inazifukuza mlangoni. Kama mashini yako ya zamani ilikuwa na Windows ya biti 32, ilikuwa inazibeba na wewe hujui. Wakati mwingine programu yenyewe ni biti 32 lakini faili ya kuiweka ndiyo biti 16, hapo unalaumu mtu asiye na makosa. Za DOS kuna DOSBox, ya bure, lakini ilitengenezewa gemu na haiprinti. Ukitaka risiti, jaribu DOSBox-X.

Zile za Visual Basic 6, ambazo zimejaa kwa maduka yetu, kawaida hukubali. Ikileta kichwa ngumu, bonyeza kulia, nenda Properties, halafu Compatibility, uchague Windows 7 ama XP. Hapo Windows inadanganya programu kuhusu umri wake, na mara nyingi hicho ndicho ilikuwa inangoja.

Kitu kimoja mafundi hulenga sana ni tarehe. Laptopu mpya nyingi huja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele ya siku. Programu ya zamani inasoma tarehe vile Windows imepangwa, kwa hivyo deni la 5/10 linageuka la tarehe 10 Mei. Hakuna onyo, hakuna kelele. Badilisha eneo liwe Kenya kabla uingize kitu chochote.

Printa nayo ni stori yake. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwa Windows ya biti 64, na kama kampuni haikutengeneza nyingine, hiyo printa imestaafu.

Ikikataa yote, beba mashini mzima mzima. Microsoft wana kifaa cha bure, Disk2vhd, kinachogeuza diski yote ya kompyuta kuwa faili moja. Unaifungua ndani ya VirtualBox, na Windows 7 yako inakimbia kama dirisha ndani ya laptopu mpya. Inaweza kukuuliza leseni tena, na inataka RAM ya kutosha. 8GB ndiyo naona inapumua. Hiyo Windows ya ndani izimie intaneti kabisa.

Na kama unanunua laptopu ya mitumba, uliza kwanza kama inaingia Windows 11. Inataka TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna wauzaji huilazimisha kwa za chini, halafu masasisho yakianza kusumbua, ni wewe na Mungu wako.

Ukishahama, endesha zote mbili mwezi mmoja. Kila jioni linganisha jumla ya mauzo na ya madeni, shilingi kwa shilingi. Zikitofautiana, ya zamani bado iko hapo ikuambie ukweli. Na siku ya kuiuza, chomoa hadidiski ubaki nayo. Mnunuzi akilalamika, mpunguzie soo tano.