Usonji si Ukaidi: Tumtambue Mtoto Aliyezidiwa



Katika Misa za Dominika, huku Geita na Shinyanga, jambo hili si geni: ngoma na vigelegele vinapopanda, mtoto mmoja huziba masikio, hupiga mayowe na kujigaragaza sakafuni. Waamini humgeukia mama yake. Wapo wanaonong'ona kwamba amemdekeza, au kwamba mtoto ana pepo. Nasi mapadre tumewahi kuashiria mtoto wa namna hiyo atolewe nje. Tulikosea, na wapo akina mama ambao hawakurudi tena.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani. Hausababishwi na laana, uchawi wala malezi mabaya. Mara nyingi dalili huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3: huchelewa kusema, haitiki aitwapo jina, hurudiarudia tendo lilelile. Sauti ya spika au ya karasha la mawe, ambayo sisi tumeizoea, kwake yaweza kuwa maumivu ya kweli.

Je, tutatofautishaje? Mtoto mkaidi ana shabaha: anataka soda au andazi. Hutupa jicho kuona kama anatazamwa, na akipewa, hunyamaza. Mtoto mwenye usonji aliyezidiwa hatafuti kitu. Soda haimtulizi wala fimbo haimzuii. Kilio chake huchochewa na kelele, umati au badiliko la ghafla la mazoea yake, na hupungua polepole apatapo utulivu. Hata hivyo, naye ni mtoto. Siku nyingine aweza kuwa mtundu kama wenzake. Kwa hiyo tuulize kwanza: ni nini kilichotangulia?

Azidiwapo, mpelekeni mahali tulivu, semeni naye maneno machache kwa sauti ya chini, wala msimchape. Msimfungie ndani, wala msimpeleke kwa mganga wa kienyeji. Yaandikeni mliyoyaona, mkamweleze tabibu wa kituo cha afya. Yeye aweza kumpa rufaa, hata hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, wanafunzi waliwakemea walioleta watoto. Yesu alichukizwa na wanafunzi, si na watoto. Basi parokiani tuzitengee familia hizi benchi karibu na mlango, mbali na spika, na mama atokapo na mwanawe, mmoja wetu amfuate, amsaidie, kisha arudi naye.