Mstari Unapanda, Mkimbiaji Anapunguza Kasi

Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London, David Rudisha wa Kenya aliongoza mbio za mita 800 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Mita 400 alizipita kwa sekunde 49.28, mita 600 kwa sekunde 74.30. Chora grafu ya namba hizo, muda kwenye mhimili mlalo na umbali kwenye mhimili wima. Mstari unapanda kutoka sifuri hadi 800 bila kushuka hata mara moja. Ukimuuliza mwanafunzi ni wapi Rudisha alikwenda kasi zaidi, kuna kishawishi kikubwa cha kuweka kidole kileleni. Sasa piga hesabu. Mita 400 za kwanza alikwenda wastani wa mita 8.12 kwa sekunde, 200 zilizofuata mita 7.99, na 200 za mwisho mita 7.52. Pale mstari ulipofika juu kabisa ndipo ulipokuwa umelala zaidi, na ndipo miguu ilipokuwa mizito zaidi.

Kosa hili la kusoma kimo badala ya mteremko halimpati mvivu peke yake. Mwaka 1987 Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walieleza jinsi hata wanafunzi wa chuo wanavyolifanya. Wapo watakaosema dawa ni hesabu tu: mfundishe kanuni ya mteremko, yatosha. Mimi naona kanuni inakuja mapema mno. Mwanafunzi anayeijua nusunusu atachukua nukta moja, agawanye 600 kwa 74.30, apate 8.08, kisha aseme huo ndio mwendokasi wa Rudisha alipofika mita 600. Kugawanya kwake hakuna kasoro, ila jibu ni la swali jingine: ni wastani tangu mlio wa bastola. Mwendokasi wa pale pale unahitaji nukta mbili zilizo jirani, yaani umbali umeongezeka kiasi gani ndani ya muda gani. Fikra hiyo ikishaingia, kanuni inakuwa ufupisho wake tu.

Ni kweli pia kwamba nukta tatu ni chache, na mistari iliyonyooka kati yake inaficha mengi: kuondoka kutoka kusimama, kona, pumzi zilizokatika. Lakini hilo linadai vipimo vya karibukaribu zaidi, hata kila mita 10, na kadiri nukta zinavyosogeleana ndivyo mwanafunzi anavyoikaribia maana ya mwendokasi wa papo hapo, bila kutajiwa kalkulasi.

Jaribu kubadilisha mhimili wima. Badala ya umbali uliokimbiwa, weka umbali wa moja kwa moja kutoka mstari wa kuanzia. Uwanja una mzunguko wa mita 400, kwa hiyo mstari unapanda, unashuka hadi karibu na sifuri, unapanda tena, unashuka tena. Ni vilima viwili. Rudisha hakupanda kilima chochote wala hakurudi nyuma hata hatua moja. Alikuwa akizunguka uwanja tambarare, mbele ya wenzake wote.