Kabla ya Kupanda Ndege: Pasipoti, Viza na Mkataba wa Kazi Uarabuni

Kwa miongo mingi wasichana wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, hata ikawa jambo la kawaida katika familia zetu kwamba mwaka wa njaa binti mmoja huondoka ili wadogo zake wabaki shuleni. Katika miaka ya karibuni safari hiyo imerefuka. Anayekuja kumwombea binti ruhusa kwa wazazi wake hazungumzii tena Kariakoo wala Mbezi, bali Maskati, Dubai na Riyadh. Agizo la Mshahara la mwaka 2022 liliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wake. Mbele ya kiasi hicho, ahadi yoyote ya malipo kwa riali huonekana kuwa neema.

Hatuandiki ili kumzuia mtu. Kutafuta riziki mbali na nyumbani ni haki ya kweli, na wapo waliokwenda, wakapata waajiri waungwana, wakawajengea wazazi wao nyumba za bati na kuwasomesha wadogo zao. Tunaandika kwa sababu kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi: ulinzi wa mfanyakazi karibu wote hujengwa akiwa bado nyumbani. Ndege ikishatua, karatasi nyingi zinazoamua maisha yake huwa mikononi mwa watu wengine.

Yafaa kwanza kutofautisha pasipoti na viza, maana wengi huzichanganya. Pasipoti humtambulisha mtu kuwa raia wa nchi yake, na hakuna mwajiri mwenye haki ya kuishikilia. Viza ya kazi ni habari nyingine. Katika nchi za Ghuba hufuatwa utaratibu uitwao kafala, yaani udhamini, ambamo kibali cha mgeni kukaa nchini hufungamanishwa na mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri ndiye anayeanza kuomba kibali huko kwake, na mfanyakazi hupokea kilichokwisha kuombwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtu anayezunguka vijijini akisema ana “viza za kazi za kuuza” anasema jambo lisilokuwapo.

Mara nyingi alichonacho ni viza ya matembezi. Hii hupatikana upesi, nayo humwezesha mtu kupita uwanja wa ndege, lakini haimruhusu kufanya kazi. Siku zake zikiisha, binti huyo atakuwa akiishi nchini kinyume cha sheria, faini ikiongezeka kila siku, naye ataogopa kwenda polisi hata akipigwa au akinyimwa mshahara. Wapo pia wanaosafirishwa kwanza kwa basi kupitia Namanga hadi Nairobi, na kupandishwa ndege huko, ili wasiulizwe maswali na maofisa wa Tanzania. Njia ya namna hiyo ni alama tosha ya hatari. Kazi halali haina sababu ya kumkwepa ofisa wa Uhamiaji.

Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walisimulia kunyang’anywa pasipoti, kufanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi na kutolipwa walichoahidiwa. Tangu hapo sheria za baadhi ya nchi zimesogea mbele. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 humpa mfanyakazi wa ndani siku moja ya mapumziko kila juma, na saa 12 za kupumzika kwa siku, ambazo nane kati yake ziwe mfululizo. Nchini Oman wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao, mbali na sheria inayowaongoza wafanyakazi wa maofisini na viwandani. Lakini sheria ya kazi huishia mlangoni pa nyumba ya mtu pale ambapo aliyemo ndani haijui na hana wa kumpigia simu.

Tuje kwenye hatua zenyewe. Pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji, kwa fomu inayojazwa kwa njia ya mtandao. Mwombaji huhitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hugharimu shilingi 150,000 na kudumu miaka 10. Kiasi hicho familia hukifahamu mapema, na ni afadhali iuze mbuzi wake yenyewe kuliko kukopeshwa na wakala, kwa sababu anayelipia pasipoti ya mtu mwingine hujiona ndiye mwenye pasipoti hiyo.

Hapa ofisi zetu za parokia zinaguswa moja kwa moja. Asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kupeleka RITA cheti cha ubatizo kuwa ushahidi wa tarehe yake ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo huweza kutokea kwamba mzazi, akiwa amefundishwa na wakala, anamwomba katibu wa parokia aongeze miaka miwili au mitatu ili binti aonekane mtu mzima. Ombi hilo huletwa kwa machozi, nalo ni gumu kulikataa. Lakini kinachoandikwa kiwe kile kilichomo katika daftari la ubatizo. Mtoto wa miaka 16 aliyeandikwa kuwa na 21 hupoteza kinga kubwa aliyo nayo kisheria: kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, kumsafirisha aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya kumnyonya ni biashara haramu ya binadamu, hata kama hakudanganywa wala kulazimishwa.

Kuhusu wakala, swali la kwanza ni leseni. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 huwataka mawakala binafsi wa ajira wawe na kibali cha serikali, na jina la kampuni huweza kuulizwa katika ofisi ya serikali inayohusika na huduma za ajira. Asiyetaka jina lake liulizwe amekwisha kujibu. Swali la pili ni fedha. Misingi ya ajira ya haki ya Shirika la Kazi Duniani hukataza kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi, maana gharama hiyo ni ya mwajiri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na watemi wa hapa waliitoza hongo ili ipate njia na maji. Leo anayetozwa njiani ni mtoto wa Ugogo mwenyewe, tena kwa deni ambalo atalilipa kwa miezi ya mshahara wake.

Mkataba ndio wenye uzito kuliko yote, nao ndio usiosomwa. Uwe katika lugha anayoielewa msafiri. Utaje jina kamili la mwajiri na mahali anapoishi, mshahara kwa fedha ya nchi ile, siku ya kulipwa, saa za kazi, siku ya kupumzika, na nani atalipa nauli ya kurudi. Upitiwe na ubalozi wa Tanzania katika nchi husika kabla ya safari. Tena aelezwe wazi kwamba baadhi ya watu, wakifika, huwekewa mbele mkataba mwingine wa Kiarabu wenye mshahara mdogo zaidi, nao husaini kwa uchovu wa safari. Mwenye nakala ya mkataba wa kwanza ana cha kuonyesha.

Hutajwa mara nyingi kwamba Maskati watu huzungumza Kiswahili, na ni kweli. Ziko familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ambazo lugha hii haijatoka nyumbani mwao. Jambo hilo hupunguza upweke, lakini si dhamana: kuelewana na mtu si sawa na kulipwa naye.

Mambo yakiharibika, asikimbie kabla ya kuwasiliana na ubalozi, ikiwa maisha yake hayamo hatarini. Mwajiri huweza kumripoti kuwa mtoro, na kuanzia hapo mlalamikaji hugeuka mshtakiwa. Tanzania ina balozi Maskati, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait. Aliyenyang’anywa pasipoti huweza kupewa na ubalozi hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Namba ya ubalozi aiandike mahali pengine mbali na simu yake, kwa kuwa simu nayo huchukuliwa.

Kanisa huadhimisha tarehe 8 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Josephine Bakhita aliyetekwa utotoni huko Darfur na kuuzwa mara kadhaa, kuwa siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Tungependa siku hiyo Jumuiya Ndogo Ndogo ziongeze tendo moja: kuwauliza wenye watoto walio ng’ambo lini walisikia sauti zao mara ya mwisho.

Na anayejiandaa kuondoka aache nakala za pasipoti, viza na mkataba kwa mama yake, na nyingine kwa paroko au mtendaji wa kijiji. Wakubaliane siku ya kupiga simu kila juma, pamoja na neno moja la kawaida, kama vile kuuliza habari ya ng’ombe ambaye familia haina, ili akilitamka mbele ya mwajiri wake nyumbani waelewe kwamba anaomba msaada.