Fahamu: Njia ya misafara iliyokatiza ukame wa Ugogo

Tangu Agosti 2024, reli ya kisasa (SGR) ilipozinduliwa rasmi hadi Dodoma, abiria anayepandia jirani na Mchafukoge, Dar es Salaam, anafika Dodoma kwa saa chache tu. Karne ya 19 safari ya misafara kwenda bara ilianzia Bagamoyo, kwa miguu, hadi Tabora na Ujiji: zaidi ya kilomita elfu moja.

Kilichoumiza vichwa ni maji. Magharibi ya Mpwapwa kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na kisima cha kutegemewa. Msafara ulijaza vibuyu, ukaondoka mchana jua likiwaka, ukalala porini bila maji na kuyafikia kesho yake. Mwendo huo uliitwa tirikeza. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi wa kulipwa, alibeba mzigo wa kilo 30 hivi: vitambaa vya merikani, shanga na nyaya wakati wa kwenda, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Katika njia hiyohiyo watumwa waliswagwa kuelekea pwani.

Baada ya nyika hiyo msafara uliingia Ugogo, nchi ya Wagogo, ambako watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kizungu, akiwemo Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana. Lakini visima vilikuwa vya nani?

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli, si kutoka Bagamoyo bali Dar es Salaam. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Biashara ya Bagamoyo ikadorora, na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, likaja kurithi wateja wa bara.