Fahamu: Ripoti ya furaha inapima nini hasa?

Finland imeongoza ripoti ya furaha duniani kila mwaka tangu 2018 hadi 2025. Tanzania huwa miongoni mwa nchi za mwisho. Mfini akishuka basi Bunda, mkoani Mara, na kusalimiwa na kila anayepishana naye, kisha Musoma akakaribishwa ugali wa muhogo na sato, atashangaa nafasi hiyo ya Tanzania.

Ripoti haihesabu vicheko. Watu huulizwa wajiweke kwenye ngazi ya 0 hadi 10, ambapo 10 ni maisha bora kabisa wanayoweza kuyawaza. Mwenye uhakika wa matibabu na pensheni, anayeiamini serikali yake, hupanda juu hata kama hasemi na jirani yake kwenye basi. Na Wafini ni wakimya kweli. Huzungumza kwenye sauna, bafu lao la mvuke, ambayo karibu kila nyumba inayo.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Finland imewabana hao kwa kodi za wananchi wake. Ukarimu wa Mara tayari tunao. Tudai zahanati zenye dawa.