Jengo la New York lililopunguza joto kabla ya kununua mtambo

Bili ya umeme ikipanda, wenye majengo ya ofisi hukimbilia kununua viyoyozi vipya. Jengo la Empire State mjini New York, la ghorofa 102, lililofunguliwa mwaka 1931, lilifuata njia nyingine. Hesabu zake zinamfaa anayetaka kununua jengo, kupanga ofisi au kuwa na hisa katika kampuni ya majengo.

Mwaka 2009 wamiliki walitangaza ukarabati wa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38, sawa na dola milioni 4.4 za Marekani kwa mwaka. Gharama ya kazi hiyo, juu ya ukarabati wa kawaida, ilikadiriwa kuwa dola milioni 13.2. Ukigawanya, mtaji unarudi katika miaka mitatu.

Madirisha 6,514 yalifunguliwa, vioo vikasafishwa, kila jozi ikatiwa katikati utando wa kuzuia joto, kisha yakarudishwa. Karakana iliwekwa ghorofa ya tano ya jengo hilohilo, na karibu vioo vyote vya zamani vilitumika tena. Katika zile asilimia 38, madirisha yalikadiriwa kuleta 5 tu. Vidhibiti vya mitambo vilikadiriwa kuleta 9. Lakini joto linaloingia likipungua, mtambo wa kupooza hewa hauhitaji kuwa mkubwa. Wa Empire State ulikarabatiwa badala ya kubadilishwa. Aliyeanza kwa kununua mtambo angekuwa amelipia ukubwa asiouhitaji.

Mwaka 2011 jengo liliokoa dola milioni 2.4, asilimia 5 zaidi ya kiasi kilichodhaminiwa na mkandarasi. Oktoba 2013 kampuni inayolimiliki iliingia Soko la Hisa la New York.

Ugumu uko kwa wapangaji, maana sehemu kubwa ya umeme wa ofisi hutumika ndani ya vyumba vyao. Mpangaji ambaye umeme wake umo ndani ya kodi hana sababu ya kuzima taa. Mita ya kila mpangaji ni kifaa cha bei ndogo kuliko ubishi wa kila mwezi.

Kwa Dar es Salaam kuna jambo jingine. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia uniti, na pia hulipia kilele cha matumizi ya mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Viyoyozi vyote vikiwashwa saa mbili asubuhi kwa pamoja, kilele hicho hupanda, na bili nacho. Kuviwasha kwa zamu hakugharimu chochote. Kabla ya kuzungumza bei ya jengo, omba bili za miezi 12 na uangalie mstari wa kVA.